Solomon Linda, Mwenye Simba Wake

 Kabla sijaanza kusimulia maisha ya marehemu ambaye jina lake liko juu ya ukurasa huu, kuna deni nataka kulitaja. Waliosoma jarida letu la mwaka jana huenda wanalikumbuka shairi moja la beti nane kuhusu ukame. Chini yake palikuwa na jina langu, langu peke yake. Lakini shairi lile sikulitunga peke yangu. Tulilitunga wanne wakati wa maandalio ya jioni, siku ambayo stima ilikuwa inapotea na kurudi. Mmoja ndiye aliyeleta ile picha ya ng'ombe anayelamba mawe ya mtoni. Wa pili akatupa kibwagizo. Wa tatu ni mkali wa mizani, mshororo ukizidi hata silabi moja anaukata bila huruma. Na mimi? Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Basi nikashika kalamu, nikanakili, nikapeleka kwa mhariri, na alipouliza ni la nani nikasema ni langu. Hivyo tu. Tangu siku jarida lilipotoka, yule wa mizani hajaniomba chumvi bwaloni, na tunakaa meza moja.

Mwaka huu nilipomwendea mwalimu mlezi wa Chama nikamwambia nataka kuandika maisha ya mtu mashuhuri, nilidhani atanipa shujaa wa vita au mwanasiasa. Kumbe alikuwa anajua mambo ya lile shairi. Akaniambia nikamtafute Solomon Linda. Nikamuuliza Linda si jina la msichana? Akacheka akaenda zake.

Hakuna mmoja wenu asiyeujua wimbo wake. Ni ule wa simba aliyelala msituni, ambao ngiri na mwenzake mdogo wanauimba katika filamu ya katuni The Lion King ya mwaka wa 1994, ile ambayo mwanasimba ameitwa Simba kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Mimi niliujua kabla sijajua kusoma. Siku zote nilidhani ni wimbo wa Wazungu.

Solomon Linda alizaliwa mwaka wa 1909 karibu na Pomeroy, katika eneo la Msinga, Natal, kwenye nchi ya Wazulu kusini mwa bara letu. Natal wakati huo ilikuwa koloni la Mwingereza, na jambo hili la Mwingereza naomba msilisahau, litarudi. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini. Alisoma katika shule ya misheni iliyoitwa Gordon Memorial, na huko akafundishwa nyimbo za kanisa za sauti kadhaa. Nyumbani alikuwa na nyimbo za Kizulu za harusi na za ngoma. Halafu mitindo ya muziki kutoka Marekani nayo ilikuwa imeshapenya hadi vijijini. Kijana akawa na mito mitatu inayomwagika katika kichwa kimoja. Tena alikuwa mchungaji wa ng'ombe kama watoto wengi wa huko, na yasemekana kazi ya vijana ilikuwa pamoja na kuwafukuza simba waliokuja kunyemelea mifugo. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyozaa wimbo baadaye.

Mwaka wa 1931 alifunga safari kwenda Johannesburg kutafuta riziki, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa Kizulu. Alifanya kazi katika duka la fanicha, baadaye katika hoteli ya Carlton. Jioni aliimba katika kikundi cha Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni, kilichokuwa kikiongozwa na wajomba zake. Kikundi hicho kilivunjika mwaka wa 1933. Linda akaunda kingine akakipa jina lile lile.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu majina yanayofuata hayatajwi sana na mimi nina sababu yangu ya kuyataja. Linda mwenyewe aliimba sauti ya juu kabisa, ile ambayo kwetu huachiwa wasichana. Gilbert Madondo aliimba alto. Boy Sibiya tena. Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane waliimba besi. Hesabuni: besi ni watatu. Zamani vikundi vya aina hiyo havikuwa na desturi ya kurundika besi hivyo, na ni Linda anayesifiwa kwa kuanzisha mtindo huo wa sauti nzito nyingi chini na sauti moja inayoruka juu kama kipanga. Wote walikuwa marafiki kutoka Pomeroy. Walivaa suti za mistari, kofia za duara na viatu vya rangi mbili, na katika mashindano ya usiku huko Johannesburg walikuwa moto wa kuotea mbali. Walianza kwa kuimba harusini, mwisho wakawa wa kushindwa na wachache.

Baadaye Linda alipata kazi katika kampuni ya santuri ya Gallo. Si kazi ya kuimba jamani, ya kufunga santuri kwenye kiwanda chao huko Roodepoort. Aliyeng'amua kwamba mfungaji huyu ana koo la dhahabu ni Griffiths Motsieloa, Mwafrika aliyekuwa mtafutaji wa vipaji wa kampuni hiyo. Mwaka wa 1939 akawaita Ndege wa Jioni studioni.

Wimbo wenyewe waliuita Mbube, maana yake simba kwa Kizulu. Maneno yake hayafiki hata ubeti mmoja wa shairi letu la ukame. Walijaribu mara ya kwanza, haikufaa. Mara ya pili, wapi. Motsieloa akamwita mpiga piano, mpiga gitaa na mpiga banjo wawasindikize, wakarudia mara ya tatu. Na katika mara hiyo ya tatu, wimbo ukiwa unaelekea mwisho, Linda alifumba macho (hili la kufumba macho naliongeza mimi, sikuwepo) akatoa sauti ambayo haikuwa imepangwa wala kufanyiwa mazoezi. Ni noti chache tu. Noti hizo chache ndizo ambazo leo mtoto wa Tokyo, wa Nairobi na wa New York anazijua. Sauti nyingine zote ni za kundi. Hiyo moja ilitoka kwa Linda papo hapo, na kama mashine ingekuwa imezimwa kidogo mapema ingepotelea hewani.

Sasa nikauliza: wimbo huu ni wa nani? Ni wa Linda aliyeleta wazo na sauti? Ni wa wale watano walioshika chini ili yeye aweze kuruka? Ni wa wapigaji watatu walioitwa dakika ya mwisho? Ni wa Motsieloa aliyesema rudieni? Kisheria jibu si gumu kama nilivyodhani. Hakimiliki ya muziki ni ya aliyetunga tuni na maneno. Anayeimba kile kilichotungwa ni mwimbaji, si mtunzi, hata akiimba mpaka jasho limtoke. Mashine na santuri zina haki yake nyingine ya mwenye kurekodi. Kwa hivyo mtunzi wa Mbube ni Linda. Lakini hakukaa nao muda mrefu. Gallo ikaumiliki wimbo, na malipo yanayotajwa kwamba Linda alipewa ni shilingi 10. Mrabaha, ile sehemu ndogo ambayo mtunzi hulipwa kila santuri inapouzwa, hakupata. Na santuri ziliuzwa! Kufikia mwaka wa 1949 zilikuwa zimefika 100,000 hivi barani Afrika. Mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube kwa heshima ya wimbo huo, na vikundi vilivyokuja kuvuma baadaye, kama Ladysmith Black Mambazo, vilitembea katika njia aliyoifyeka yeye. Naye aliendelea na kazi pale pale kwa Gallo, kufagia na kuwapelekea watu chai.

Huko Marekani, santuri ilimfikia Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili. Yeye akampa rafiki yake Pete Seeger, mwimbaji aliyepiga banjo. Seeger aliusikiliza wimbo mara nyingi akiandika noti zake, lakini Kizulu hakukijua. Pale waimbaji wanapomwambia mtu kwamba yeye ni simba, sikio lake likasikia Wimoweh, na kikundi chake cha The Weavers kikautoa wimbo kwa jina hilo ukavuma mwaka wa 1952. Kwenye santuri mtunzi aliandikwa Paul Campbell. Msimtafute huyo bwana, hakuwepo. Lilikuwa jina la bandia lililotumiwa kudai haki za nyimbo ambazo zilihesabiwa kuwa za asili, zisizo na mwenyewe. Yaani wimbo ukitoka Afrika, ni wa kijiji, ni wa mababu, nani atauliza? Lakini ule haukuwa wa mababu. Mwenyewe alikuwa hai Johannesburg, anafagia.

Nisimwonee Seeger. Alipojua kwamba kuna mtu aitwaye Linda, alitaka alipwe, na akatuma hundi ya dola 1,000. Baadaye alidhani mrabaha unaendelea kwenda, kumbe hauendi vile, na jambo hilo lilimsumbua hadi uzeeni.

Mwaka wa 1961 wimbo ulichukua sura nyingine. George David Weiss, pamoja na watayarishaji wawili, Hugo Peretti na Luigi Creatore, waliuchukua wakaukarabati kwa ajili ya vijana wa The Tokens. Zile noti za mwisho za Linda, zilizokuwa kama pambo tu, Weiss akazifanya kuwa moyo wa wimbo na kuzivisha maneno ya Kiingereza. Ukaitwa The Lion Sleeps Tonight na kushika nafasi ya kwanza Marekani Desemba mwaka huo. Ni haki kusema kwamba maneno yale ya Kiingereza ni ya Weiss kweli, na ustadi wa kuona kwamba dhahabu iko mwishoni ni wake pia. Kazi iliyojengwa juu ya kazi nyingine ina mikono miwili. Ila kwenye karatasi za haki walijiandika wao, na mkono wa kwanza ukafutwa. Mgala muue na haki yake umpe, wazee walisema; hawa walimuua na haki wakabaki nayo.

Linda alijua? Sijui alijua kiasi gani. Alikuwa amemwoa Regina mwaka wa 1949, wakawa na watoto, wakaishi Soweto katika nyumba duni. Aliendelea kuimba. Mwaka wa 1959 alianguka jukwaani akiimba, na hospitalini ikagunduliwa kwamba figo zake zimekwisha. Wengine wa jamaa yake waliamini amerogwa na wenye wivu. Mwaka wa 1962 alifariki dunia, hata mwaka haujatimia tangu wimbo wake ushike nafasi ya kwanza huko ng'ambo. Katika akaunti yake ya benki palikuwa na pesa zisizofika dola 25. Regina hakuweza kumjengea kaburi. Jiwe la kaburi lilikuja kuwekwa baada ya miaka 18.

Hapo ningeweza kufunga, na mngesema masikini, lakini sehemu iliyonifanya nikae maktaba mpaka kengele ya chakula ikapita ni hii inayofuata.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjane na binti za marehemu waliwekewa karatasi mbele yao wakatia sahihi za kuachilia haki zilizobaki. Basi kila mlango ukaonekana umefungwa: baba aliuza, mama akaachilia, watoto wakaachilia. Mwaka wa 2000 mwandishi wa Afrika Kusini aitwaye Rian Malan aliandika makala ndefu katika gazeti la Rolling Stone la Marekani, akifuata pesa za wimbo huo mfuko kwa mfuko. Alikadiria kwamba wimbo ulikuwa umeingiza dola milioni 15 hivi kwa kutumiwa katika The Lion King, filamu na michezo ya jukwaani. Watu wakaanza kuona haya.

Wakili mmoja bingwa wa hakimiliki, Owen Dean, alipoulizwa kama kuna la kufanya, alirudi kwenye sheria ya zamani. Sasa mkumbukeni Mwingereza niliyewaambia. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hakimiliki mwaka wa 1911 iliyoenea katika himaya yake, na Afrika Kusini nayo ikaichukua mwaka wa 1916. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha ajabu. Mtunzi akiuza haki zake, mnunuzi atazifaidi maisha yote ya mtunzi na miaka 25 baada ya kifo chake. Baada ya hapo haki zinarudi katika mirathi ya marehemu, hata kama mkataba ulisema zimeuzwa milele. Wanasheria hukiita kifungu cha Dickens, kwa jina la yule mwandishi wa riwaya. Sababu yake ni kwamba watunzi huuza wakiwa na njaa, na watoto wao hubaki wakiwatazama wengine wakila.

Hebu tupige hesabu pamoja. Linda alikufa 1962. Ongeza 25, unapata 1987. Filamu ilitoka 1994. Kwa hivyo, kwa hoja ya Dean, simba alipoanza kuimba katika filamu haki zilikuwa zimesharudi nyumbani kwa miaka saba, na zilirudi kwa mirathi yenyewe, si kwa mjane au binti mmoja mmoja, ndiyo maana zile sahihi zao hazikutosha kuziondoa. Mimi hesabu si somo langu, lakini hii niliipenda.

Mwaka wa 2004 kesi ilifunguliwa katika mahakama kuu mjini Pretoria dhidi ya kampuni ya Disney, kwa madai ya dola milioni 1.6 hivi. Palikuwa na kikwazo: Disney iko Marekani, mahakama ya Pretoria itaifikiaje? Mawakili wakaomba amri ya kuzikamata alama zake za biashara zilizosajiliwa Afrika Kusini, zikiwemo Mickey Mouse na Donald Duck. Amri ikatolewa. Fikirieni, Mickey Mouse ameshikwa na mahakama kwa sababu ya mfungaji wa santuri! Kabla kesi haijasikizwa, Februari 2006, pande zote zilipatana. Kampuni ya Abilene Music, iliyokuwa na haki za The Lion Sleeps Tonight, ilikubali kuwalipa warithi kwa matumizi ya nyuma na ya mbele, na Solomon Linda akatambuliwa rasmi kuwa mtunzi mwenza wa wimbo huo. Kiasi hakikutangazwa. Disney haikupatikana na hatia, kwa kuwa kesi haikuamuliwa.

Mtunzi mwenza. Maneno hayo mawili yalichukua miaka 67 tangu siku ile studioni. Nilifurahi nilipofika hapo, kisha nikarudi nyuma kuwatafuta Madondo, Sibiya, Mkhize, Mlangeni na Sikhakhane katika mapatano hayo. Hawamo. Na wale wapigaji watatu hata majina sikuyapata. Mwalimu aliniambia sheria haikukosea, maana zile noti zilikuwa za Linda peke yake, na hilo siwezi kulipinga. Lakini nikiisikiliza ile santuri ya 1939 nasikia besi kwanza. Bila wao Linda angerukia wapi?

Nilisoma pia sheria yetu ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka wa 2001. Inasema kazi ya watunzi wa pamoja ni ile iliyotengenezwa na wawili au zaidi wakishirikiana, na mchango wa mmoja hauwezi kutengwa na wa mwingine. Haki katika kazi kama hiyo hudumu mpaka miaka 50 baada ya kufa kwa yule atakayekuwa wa mwisho miongoni mwao. Nikaenda bwaloni na lile shairi la ukame na kalamu nyekundu. Nikamwomba wa mizani anisaidie kuweka alama, mshororo huu wa nani, neno hili la nani. Alinitazama kitambo, halafu akasogeza sahani yake. Yule wa ng'ombe akaja pia. Tulifika ubeti wa tatu tukashindwa: ng'ombe alikuwa wa mmoja, lakini mawe yalikuwa yangu, na neno kulamba liliingizwa kwa sababu lile la kwanza lilizidi mizani. Tukaiacha kalamu nyekundu.

Mhariri amekubali shairi lichapwe upya katika toleo hili likiwa na majina manne, kwa mpangilio wa alfabeti. Langu limeangukia la tatu. Yule wa kibwagizo alihamia shule nyingine muhula wa pili. Nakala yake nimeifunga kwenye bahasha, ninangoja ndugu yake wa kidato cha kwanza aniletee anwani.